Rashidi Kawawa na "Muhogo Mchungu": Mchezaji wa Sinema katika Historia ya Kiswahili

Maisha ya Rashidi Mfaume Kawawa yamesimuliwa mara nyingi, na karibu kila msimulizi huipa kazi yake ya sinema sentensi moja au mbili, kisha huharakia vyama vya wafanyakazi, uhuru na Serikali. Husemwa kwamba ujanani alicheza picha, kama isemwavyo juu ya mtu mwingine kwamba ujanani alicheza mpira. Desturi hii haiitendei sinema haki, wala haiitendei haki lugha. Mwalimu Nyerere alipomfasiri Shakespeare na kutoa tafsiri ya "Julius Caesar" mwaka 1963, wahakiki waliipokea kazi hiyo kama sehemu ya fasihi ya Kiswahili, na mpaka leo hufundishwa na kujadiliwa hivyo. Mwenzake, aliyekuwa amekisemesha Kiswahili mbele ya kamera miaka kumi nyuma, hakupewa hata mlango wa uani katika nyumba hiyo. Sababu yafahamika: mmoja aliacha kitabu, na mwingine aliacha ukanda wa picha. Lakini wataalamu wa lugha, ambao kila siku husema kwamba lugha ni sauti kabla ya kuwa maandishi, hawana udhuru wa kuifuata sababu hiyo.

Kawawa alizaliwa mwaka 1926 katika nchi ya Songea. Alisoma Liwale, kisha Dar es Salaam, na mwishowe katika shule ya Serikali ya Tabora, ambayo ilitoa viongozi wengi wa Tanganyika. Masomo ya juu zaidi aliyaacha ili afanye kazi na kuwasaidia ndugu zake. Akawa mtumishi wa Serikali, na mnamo 1951 akaingia katika kazi ya maendeleo ya jamii, ambako alitiwa katika kikosi cha sinema ya kutembea kilichoshughulika na kampeni ya kuwafundisha watu wazima kusoma na kuandika. Huko ndiko alikopata kuwa mchezaji mkuu, na baadaye mwandishi wa hadithi za kuchezwa na mtengenezaji wa picha. Hayo yote yalitimia kabla hajafika umri wa miaka thelathini.

Hata hivyo hadithi ya kazi yake haianzi Dar es Salaam. Huanza katika jimbo la Tanga, miaka kumi na sita nyuma, juu ya milima. Msafiri atokaye Tanga kwenda Korogwe akiinua macho huiona Usambara, na katika miteremko yake, juu ya mashamba ya mkonge, pana mahali paitwapo Vugiri. Hapo ndipo palipokuwa makao ya jaribio la sinema la miaka 1935 hadi 1937, lililosimamiwa na Major L. A. Notcutt pamoja na G. C. Latham, likiungwa mkono na baraza la kimataifa la wamisheni na kugharimiwa zaidi na mfuko wa Carnegie wa Marekani. Zilitengenezwa picha thelathini na tano. Nyingi zilikuwa za mafundisho: kodi, safura, akiba ya posta, mmomonyoko wa ardhi, uuzaji wa mahindi. Chache zilikuwa na hadithi, na mojawapo, iliyoitwa "Gumu", ilimhusu mtu wa shamba aliyekwenda mjini. Magari yalizichukua picha hizo Tanganyika, Kenya, Uganda, Rhodesia ya Kaskazini na Nyasaland.

Jambo la kuangaliwa sana kwa mtu wa lugha ni jinsi picha za Vugiri zilivyosema. Picha zenyewe zilikuwa bubu. Maneno yalitiwa mbali katika sahani za santuri, na sahani iliwekwa kwenye mashine wakati picha ikionyeshwa. Kwa hiyo picha ile ile iliweza kusema Kiswahili hapa na lugha nyingine kule, kwa kubadili sahani tu. Ulikuwa uvumbuzi wa mtu mwenye fedha kidogo na nchi kubwa, na kwa upande huo hauna lawama. Walakini matokeo yake yalikuwa kwamba mtu aliyeonekana na sauti iliyosikika walikuwa viumbe wawili. Mkulima alilima katika kitambaa cheupe, na sauti isiyo na uso ikamweleza. Kiswahili kilikuwa juu ya Mwafrika, kikimnyoshea kidole. Hakikutoka kinywani mwake. Aliyeonekana alikuwa mfano wa kitendo, kama picha katika kitabu cha elimu ya afya, na mfano wa kitendo hauwezi kuwa nyota. Majina ya waliocheza Vugiri hayakubaki katika vinywa vya watu, na hakuna ajabu katika hilo.

Fedha zilipokwisha mwaka 1937 jaribio lilikufa. Notcutt na Latham walitoa kitabu juu yake London mwaka huo huo, na mashine zikanyamaza milimani.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Serikali ya Tanganyika ilijaribu tena, mara hii kwa kutumia watengenezaji wa picha kutoka Afrika Kusini. Shabaha ilikuwa kupata picha za hadithi, zichezwe na Waafrika, zisemwe kwa Kiswahili, na ziwavute watu kwa raha kabla ya kuwafunza. Picha iliyokumbukwa kuliko nyingine ni "Muhogo Mchungu"; nyingine ni "Chalo Amerudi", "Meli Inakwenda" na "Wageni Wema". Katika hizo Kawawa ndiye aliyekuwa uso mkuu. Muda wote wa kazi hiyo haukuzidi miaka mitatu hivi.

"Muhogo Mchungu" ni kisa cha mshamba aingiaye mjini na kukutana na werevu wa mji. Kwa asili yake kisa hicho si kigeni wala si cha Tanganyika peke yake. "Gumu" ya Vugiri ilikuwa imekwisha kupita njia hiyo. Katika Afrika Kusini, picha ya "Jim Comes to Jo'burg" ya mwaka 1949 ilimchukua mtu wa shamba mpaka Johannesburg na kumtia mikononi mwa wanyang'anyi mara tu alipofika. Serikali za kikoloni ziliupenda mfano huu kwa sababu isiyofichika: miji ilikuwa ikijaa vijana, na kila picha iliyomwonyesha kijana akiumia mjini ilidhaniwa kuwa hoja ya kumrudisha nyumbani. Mhakiki akitaka kuihukumu picha kwa nia ya waliolipa gharama zake, hukumu ni nyepesi na kalamu inaweza kuwekwa chini.

Lakini hukumu hiyo haiwezi kuliacha jina bila kuligusa, na jina la picha hii lina maana kuliko mahubiri yake. Muhogo ni wa aina mbili. Mtamu huliwa hata mbichi, huchemshwa au hutiwa nazi siku ile ile ung'olewapo. Mchungu una sumu, na mwenye pupa akiula kama ulivyo hudhurika. Wala hautupwi kwa sababu hiyo. Humenywa, hukatwa, huloweshwa au huanikwa juani mpaka uwe makopa, kisha hutwangwa. Na unga wake husongwa bada, chakula ambacho mtu wa Tanga hahitaji kukisifiwa na mgeni. Tena wakulima huupanda mchungu kwa kusudi. Humshinda nguruwe na nyani kuliko mtamu, na huweza kungoja ardhini. Basi kumwita mshamba Muhogo Mchungu si kumwita mtu bure. Ni kumwita mtu asiyelika upesi. Mji wenye pupa wataka kumla kabla hajaanikwa, na hatari katika jambo hilo ni ya pande mbili. Mgeni aliyegharimia picha yamkini alisikia katika jina hilo kichekesho tu. Mtazamaji aliyelelewa na kinu na ungo alisikia kichekesho na zaidi.

Hapa ndipo mchezaji alipokuwa na kazi ambayo sauti ya santuri isingaliweza kuifanya. Kichekesho cha mshamba huwa tusi au huwa udugu, na kinachoamua ni yule anayekicheza. Akikiangalia kwa mbali, watazamaji humcheka mshamba; akikaa ndani yake, hucheka pamoja naye, na kila mmoja hukumbuka siku yake ya kwanza mjini. Kawawa alikuwa mtu wa bara aliyeletwa Dar es Salaam na shule. Njia ya kutoka Ungoni mpaka pwani, ambayo wachezaji wengine wangaliisoma katika karatasi, yeye alikuwa ameipita kwa miguu yake. Watu walimpenda, na wapenzi wa sinema hawampendi mtu anayewadharau; katika hilo watazamaji huwa wahakiki wakali kuliko wenye kalamu.

Inafaa kukumbuka mambo yaliyokuwa yakionyeshwa katika majumba ya sinema wakati huo. Tanga ilikuwa na majumba kadhaa, Majestic na Regal yakiwamo, na mji ulikuwa mpenzi mkubwa wa picha za Kihindi. "Awaara" ya Raj Kapoor ilitoka mwaka 1951, na nyimbo zake ziliimbwa pwani yote na watu wasiojua neno la Kihindi. Picha za Misri zilipendwa vile vile, na za Marekani hazikukosa wateja. Mtazamaji wa pwani alikuwa hodari: aliifuata hadithi kwa macho, kwa muziki, na kwa jirani aliyejifanya mkalimani. Basi kuisikia lugha yake mwenyewe ikitoka katika kinywa kinachoonekana kikifunguka, kwa mzaha unaoeleweka kabla jirani hajaufasiri, kulikuwa jambo la namna nyingine kabisa. Katika picha ya Kihindi mtu wa Tanga alikuwa mgeni aliyekaribishwa vizuri. Katika "Muhogo Mchungu" alikuwa mwenyeji.

Na Kiswahili chenyewe kilikuwa cha nani? Kamati ya Lugha, iliyoundwa mwaka 1930 ili kukisanifu Kiswahili juu ya msingi wa Kiunguja, ilihamia Makerere mwaka 1952, wakati ule ule Kawawa alipokuwa akicheza. Kazi ya Kamati ilikuwa ya karatasi: tahajia, kamusi, vitabu vya shule. Mjini Tanga Shaaban Robert, mtumishi wa Serikali naye, alikuwa akikipa Kiswahili sanifu mwili wake mkubwa wa fasihi. Huyo alikuwa mtu wa pwani, na kalamu yake ilikuwa na urithi wa ushairi wa karne nyingi. Kawawa hakuwa na urithi huo. Alikuwa mmoja wa wale ambao Kiswahili kiliwafikia kwa njia ya shule, kazi na safari, nao ndio waliokuwa wengi katika Tanganyika. Mtu wa Mtang'ata au wa Mvita angaliweza kumsahihisha. Lakini hao wengi walihitaji kuiona lugha hii ikibebwa bila aibu na mtu wa namna yao, mwenye kuichekesha na kuiheshimu kwa pamoja. Kwa upande huo sinema ilifanya kazi ambayo kamusi haikuumbwa kuifanya, na haitakuwa kumpunguzia Shaaban Robert cheo kusema kwamba katika miaka ile Kiswahili kilikuwa na watumishi wawili wa Serikali wakikipeleka pande mbili, mmoja kwa kitabu na mmoja kwa kitambaa cheupe.

Kazi ya sinema ilikatika haraka. Mwaka 1953 Kawawa alipelekwa kufanya kazi miongoni mwa Wakikuyu waliozuiliwa Tanganyika kwa sababu ya vita vya Mau Mau katika Kenya. Kisha akaongoza chama cha watumishi Waafrika wa Serikali. Mwaka 1955 akawa Katibu Mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi, Tanganyika Federation of Labour. Na mwaka 1956 akaacha kabisa utumishi wa Serikali. Tanga, yenye bandari, reli na mkonge, ilikuwa moja ya mahali palipolijua shirikisho hilo vizuri, maana mgomo wa mkonge haukuwa mchezo. Kiongozi aliyesimama mbele ya vibarua alikuwa na faida ambayo wenzake hawakuwa nayo: uso wake ulikuwa umetangulia kufika katika magari ya sinema. Januari 1962 akawa Waziri Mkuu. Dunia imezoea kustaajabu kwamba Ronald Reagan alitoka katika sinema akawa Gavana mwaka 1967 na Rais mwaka 1981, na kwamba M. G. Ramachandran alitoka katika sinema akaishika Tamil Nadu mwaka 1977. Tanganyika ilikuwa imekwisha kulifanya jambo hilo bila kelele.

Wapo wanaodai kwamba sinema ilikuwa ngazi tu ya siasa kwake, na kwamba ngazi hairithiwi. Dai hilo huanguka mtu akiangalia picha zilizofuata. Shirika la filamu la Tanzania lilianzishwa mwaka 1968, na picha yake iliyojulikana sana, "Fimbo ya Mnyonge", ilitolewa katikati ya miaka ya 1970. Mhusika wake, Yombayomba, ni mkulima anayekwenda Dar es Salaam kutafuta maisha, haoni alichokitafuta, akajifunza habari ya kijiji cha ujamaa na kurudi kwao kukijenga. Ni Muhogo Mchungu aliyevaa nguo za Azimio. Njia ni ile ile, mji ni ule ule. Kilichobadilika ni kijiji kinachomngoja mwisho wa safari. Na wakati picha hiyo ikitengenezwa, Waziri Mkuu wa nchi, tangu 1972 hata 1977, alikuwa Kawawa mwenyewe, na Serikali yake ndiyo iliyosimamia kuhamia vijijini, jambo lililowagusa mamilioni ya watu, wengine wakihamishwa bila hiari yao.

Mhakiki hawezi kulipita jambo hili kwa upole. Picha ya kikoloni ilimwambia mkulima kwamba mahali pake ni shamba. Picha ya taifa huru ilimwambia maneno hayo hayo kwa sababu nyingine iliyo bora. Katika picha zote mbili uamuzi umekwisha kufanywa kabla mkulima hajafungua kinywa. Tofauti yao katika usanii ni kubwa, nayo haiko upande wa picha ya taifa huru. Yombayomba ni mwanafunzi mwema, na hadithi humsikiliza tu anapokubali. Muhogo Mchungu alikuwa mtu wa kuchekesha, na kicheko hakitawaliwi kwa urahisi na mwenye kutoa fedha. Ikiwa sinema ya Shirika ilikosa watu wa kuipenda kama walivyopendwa wahusika wa Kihindi, sababu moja ni kwamba ilichukua njia ya safari kutoka picha za Kawawa na kumwacha msafiri.

Urithi wa pili uko katika lugha ya Serikali. Januari 1967, Kawawa akiwa Makamu wa Pili wa Rais, ndiye aliyetoa agizo kwamba Kiswahili kitumiwe katika shughuli za Serikali na mashirika yake, na Kiingereza kisitumiwe pasipo haja. Mwaka huo huo sheria ya kuunda Baraza la Kiswahili la Taifa ilipitishwa. Agizo hilo lilikuwa la Serikali nzima, na sababu zake zilikuwa za siasa ya taifa. Ingekuwa upuuzi kulifanya tunda la picha nne. Lakini haikosi maana kwamba sahihi iliyowaamuru makarani waache Kiingereza ilikuwa ya mtu aliyekwisha kujaribu, usiku, mbele ya mikutano ya watu wasiojua kusoma, kuona Kiswahili kinaweza kubeba nini peke yake. Maofisa waliolalamika kwamba lugha haina maneno ya kutosha walikuwa wakilalamika kwa mtu asiyefaa kulalamikiwa.

Kawawa alifariki tarehe 31 Desemba 2009, na taifa lilimzika kama Simba wa Vita. Katika tanzia sinema ilipata sentensi yake moja kama ilivyo desturi. Siku hizi wataalamu wachache, miongoni mwao Rosaleen Smyth, James Brennan na Laura Fair, wameandika kwa uangalifu juu ya picha za Tanganyika na watazamaji wake. Wote wameandika kwa Kiingereza, na wote ni wanahistoria. Upande wa lugha na usanii bado unangoja watu wa Kiswahili.

Wala mshamba hakufa. Mwigizaji wa vichekesho Abdallah Mkumbila alijulikana nchini kote kwa jina la Muhogo Mchungu, na wengi waliomcheka hawakuwa wamezaliwa picha ya kwanza ilipoonyeshwa. Tanga nayo ilitoa bingwa wake, Amri Athumani, yaani King Majuto, aliyezaliwa mwaka 1948 na kufariki Agosti 2018, akarudishwa Tanga kuzikwa. Majuto alitoka katika vikundi vya maigizo ya jukwaani akaingia katika kanda za video, na kwa miaka mingi aliwachezea watu mzee asiyeafikiana na mambo ya mjini: mwepesi wa kudanganywa, mwepesi zaidi wa kudanganya, mkali, mwenye tamaa, na mwenye ulimi wa Tanga ambao hakujaribu kuusanifu kwa ajili ya mtu yeyote. Hakulipwa na serikali yoyote kuwarudisha watu shamba. Kwa hiyo mshamba wake aliweza kufanya jambo ambalo Yombayomba hakuruhusiwa, na Muhogo Mchungu alilifanya kwa kuibia tu: alikaa mjini, akaoa, akagombana na majirani, akadai kodi ya nyumba, na hadithi ikaisha bila mtu kumwambia arudi alikotoka.